Nani Anashika Daftari? Vijiji vya Meru na Embu Katika Uchumi Unaoyumba

Ukipanda matatu Kianjokoma, pale mashamba ya majani chai yanapopakana na msitu wa Mlima Kenya, ukateremka kupitia Embu mjini hadi Kiritiri, unavuka nchi tatu bila kutoka katika kaunti moja. Juu ni chai na ng'ombe wa maziwa, na sweta haivuliwi mpaka jua limepanda. Katikati ni kahawa, makadamia, ndizi na maparachichi. Chini ni Mbeere, nchi ya ndengu, mtama, mbuzi, mizinga ya nyuki na muguka. Meru nako ni vivyo hivyo: Githongo kuna ukungu na chai, Mitunguu kuna joto na migomba, na ukishuka mashariki zaidi unaingia nyika ya Tharaka na mbuga ya Meru. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Wengi wao wanaishi kwa shamba dogo, na shamba hilo limebeba karo, dawa, mazishi na mahari.

Swali la uchambuzi huu ni moja. Nyakati za uchumi zinapogeuka, bei ikianguka au soko likifungwa, kwa nini kijiji kimoja hupepesuka kisha kikasimama, na kingine huanguka kikakaa chini miaka kumi? Jibu linalotolewa mara nyingi ni zao bora: pandeni hiki, acheni kile. Nimelisikia jibu hilo tangu utotoni, na kila mara zao limebadilika lakini anguko limebaki lile lile.

Tuanze na miraa, kwa kuwa hakuna zao lililowatikisa watu wa Igembe na Tigania, huko Meru, kama hilo. Januari 2013 Uholanzi ilipiga marufuku miraa. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikafuata. Maua, mji ambao ulizoea kulala macho ili magari ya miraa yawahi ndege Nairobi, ukaanza kuhesabu hasara. Wafanyabiashara wakageukia Mogadishu kwa nguvu zote. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Somalia nayo ikafunga mlango, na mlango huo haukufunguliwa hadi Julai 2022. Milango mitatu ilifungwa ndani ya miaka minane. Katika maamuzi hayo yote hakuna mkulima hata mmoja wa Laare au Mutuati aliyeketi mezani.

Miraa si ya pekee. Mwaka 2004 kampuni ya bia ilianza kuuza Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyosamehewa ushuru ili watu waache pombe za kuua. Baadaye bia hiyo ikaanza kutengenezwa kwa mtama, na wakulima wa Mbeere na Tharaka, ambao kwa miaka walikuwa wakiambiwa mtama ni chakula cha maskini, wakapata mnunuzi wa uhakika wa mtama mweupe wa gadam. Watu wakapanua mashamba. Kisha mwaka 2013 Serikali ikaitoza bia hiyo ushuru wa asilimia 50. Mauzo yakaporomoka, kiwanda kikapunguza manunuzi, na magunia yakabaki majumbani yakiliwa na fukusi. Ushuru ulilegezwa mwaka 2015, lakini mkulima aliyekwisha kung'atwa hapandi tena kwa moyo ule ule.

Makadamia nayo ilipanda kama moto wa nyasi. Sheria ya mwaka 2009 ilizuia kuuza nje karanga zisizobanguliwa, viwanda vya ndani vikaongezeka, bei ikapita shilingi 100 kwa kilo, na wengi Embu na Meru wakafyeka mibuni wakapanda makadamia. Kufikia 2023 madalali walikuwa wakitoa chini ya shilingi 50, na Serikali ikalazimika kulegeza marufuku kwa muda ili karanga zisiozee mashambani. Muguka wa Mbeere, ndugu yake miraa, uliponea chupuchupu Mei 2024, pale kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi, na Rais akatangaza kwamba hazina nguvu.

Juu ya hayo yote pakaja ughali wa maisha. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umevuka shilingi 6,000 kabla ya ruzuku. Shilingi ilidhoofika hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kisha ikaruka kurudi karibu 130 ndani ya wiki chache, na Benki Kuu ikawa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Mkulima wa chai anayelipwa kutokana na dola za mnada wa Mombasa, na anayenunua mbolea iliyoagizwa kwa dola hizo hizo, alijikuta anasukumwa kutoka pande zote mbili.

Kwa kweli hadithi hii ni ya zamani kuliko miraa na makadamia. Katika miaka ya 1930, Waafrika walipokuwa bado wanazuiwa kulima kahawa sehemu kubwa ya Kenya, Meru, Embu na Kisii ndizo zilizoruhusiwa kuanza kwa majaribio. Kahawa ikajenga nyumba za mabati, ikalipia shule za misheni, ikawapeleka watoto wa wakulima Makerere. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kuuza kahawa ukavunjika huko London, na bei ya dunia ikaanguka karibu nusu. Sheria wakati huo haikuruhusu kung'oa mibuni bila kibali, kwa hiyo watu waliikata ikabaki visiki, wakapanda mahindi na maharagwe katikati. Uzalishaji wa nchi haujawahi kurudi pale ulipokuwa. Kwa miaka ya karibuni unazungukia tani 40,000 hadi 50,000.

Haya yote yanafanana kwa jambo moja: zao moja, mnunuzi mmoja, na uamuzi uliofanywa mbali. Hata hivyo vijiji havikuumia sawasawa, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchimbwa.

Wazee wa pande hizi walikuwa na bima yao, nayo ilikuwa mteremko wenyewe wa mlima. Ukoo haukukaa mahali pamoja tu. Familia ilikuwa na kipande cha juu cha ndizi na viazi vikuu, kipande cha kati cha mahindi na maharagwe, na haki ya kulisha na kulima mawele kule chini kwenye joto. Mvua ikikosa Mbeere, huenda ikanyesha Manyatta kule juu. Waliokosa kabisa walivuka kwenda kwa jamaa au kwa marafiki wa kibiashara, wakipeleka mbuzi na asali na kurudi na chakula. Kuanzia miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni ilikusanya vipande hivi, ikawapimia watu shamba moja moja na kuwapa hati. Mbeere kazi hiyo ilifika baadaye, baada ya uhuru. Hati ilileta mikopo na ilizuia ugomvi fulani, sikatai. Lakini ilimfunga kila mtu kwenye ngazi moja ya mlima. Aliyepata hati ya ukanda wa kahawa akawa mtu wa kahawa, na wa Mbeere akawa mtu wa kusubiri mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo lake kuu. Mvua hizo na zile za masika zilipokosa kwa misimu mitano mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, hakukuwa na kipande cha juu cha kukimbilia.

Kwa hiyo mtu anapohubiri leo kuhusu kutotegemea zao moja, hasemi jambo geni kwa Mmeru wala Mmbeere. Anakumbusha kitu kilichovunjwa. Milima ya Nyambene bado inakionyesha. Kule Igembe, miraa mikongwe inayoitwa mbaine, iliyopandwa na vizazi vilivyopita na kulindwa kwa heshima, haikusimama peke yake shambani. Chini yake na kando yake kulikuwa na viazi vikuu, maharagwe, migomba na mahindi. Aliyebakiza utaratibu huo alikuwa na cha kuinjika jikoni hata ndege za Mogadishu zilipokaa chini miaka miwili. Aliyejaza kila upenyo kwa miraa mipya, unga na mboga akawa ananunua dukani, alikosa fedha na chakula siku moja.

Lakini mchanganyiko wa mazao hautoshi. Anayelima vitu vitano na kuviuza vyote kwa dalali mmoja anayefika na mzani wake bado ana mlango mmoja tu. Ndiyo maana nasema mzizi wa uimara wa jamii ndogo uko kwenye daftari kabla ya kuwa kwenye mbegu. Nani anajua fedha za kikundi ziko wapi leo? Nani anaweza kuliomba daftari na akaonyeshwa papo hapo?

Tazama chama cha akina mama kinachokutana chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha kanisa. Utaratibu wake umezoeleka kama benki ya mezani. Fedha zinawekwa juu ya meza, zinahesabiwa mbele ya wote, zinakopeshwa palepale, na meza inabaki tupu. Hakuna sanduku la kuibwa usiku. Chukua kikundi cha wanawake 20, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa wiki. Hizo ni shilingi 4,000 kila mkutano, na kwa mwaka ni shilingi 208,000, kabla ya kuhesabu riba wanayolipana wenyewe kwa wenyewe na kugawana mwisho wa mwaka. Benki ikiwa inataka hati ya shamba na miezi ya kusubiri, mezani mama anapata shilingi 5,000 za karo leo kwa sababu wenzake wanamjua, wanamjua na ng'ombe wake. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hata binti aliyeko Nairobi anatuma mchango wake kabla mkutano haujafungwa.

Nguvu ya chama si wingi wa fedha. Sijui mwekezaji ambaye angevutiwa na shilingi 208,000. Nguvu yake ni kwamba hakuna umbali kati ya aliyetoa fedha na daftari linaloandika fedha hizo. Katibu akikosea, ataulizwa kabla chai haijapoa.

Sasa pandisha ngazi. Ushirika wa kahawa ulikuwa ni wazo lile lile kwa ukubwa zaidi: watu wa fakitori moja wanapeleka cheri zao, zinaoshwa na kukaushwa pamoja, zinauzwa pamoja, kila mtu analipwa kwa kilo zake. Tatizo lilianza umbali ulipokua. Kati ya cheri zinazopimwa Jumatatu na malipo yanayofika miezi mingi baadaye kuna kamati, kuna muungano wa vyama, kuna kinu cha kukoboa, wakala wa mauzo, mnada na benki, na kila mmoja ana makato yake. Kisha ikaja Sheria ya Ushirika ya mwaka 1997. Kwa jina la soko huria, Serikali ilijiondoa katika usimamizi wa karibu wa vyama, na haikuwaandaa wanachama kushika nafasi iliyoachwa wazi. Kamati zikakopa kwa jina la wanachama. Vyama vikubwa vikagawanyika fakitori kwa fakitori, madeni yakagawanywa nayo, na mkulima akawa anaona kwenye karatasi yake deni ambalo hakuwahi kulisaini. Marekebisho ya 2004 yalirudisha usimamizi, lakini imani ikishapotea hairudishwi kwa gazeti la Serikali.

Niliwahi kukaa katika mkutano mkuu wa chama kimoja ambapo hesabu za mwaka mzima zilisomwa kwa Kiingereza kwa dakika chache, mbele ya wazee waliokuwa wamepeleka kahawa kwa miaka arobaini. Mzee mmoja aliuliza neno fulani lina maana gani. Akaambiwa ni mambo ya kitaalamu. Kikao kikaendelea, soda zikagawiwa. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo haijaniisha.

Umbali huo huo ndio uliowaumiza wenye akiba. Meru na Embu zina vyama imara vya akiba na mikopo, na Sheria ya mwaka 2008 iliweka mamlaka ya kuvisimamia. Hata hivyo ukaguzi wa muungano wa kitaifa wa vyama hivyo, KUSCCO, ulifichua upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13, fedha ambazo vyama vidogo vya nchi nzima viliziweka huko juu kwa kuamini kwamba juu ndiko salama. Mwalimu wa kijijini anayekatwa mshahara kila mwezi hakuwa na njia ya kuchungulia daftari lile.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba ushirika ulishindwa. Chai inathibitisha kinyume. Wakulima wadogo wa Mungania, Rukuriri, Kathangariri, Imenti, Githongo, Kionyo na Kiegoi wana hisa katika viwanda vyao chini ya KTDA, shirika lililoanza kama chombo cha Serikali mwaka 1964 na kubinafsishwa mwaka 2000. Wanalalamika, na wana haki ya kulalamika, kuhusu bonasi na kuhusu gharama za usimamizi. Lakini wanapokea malipo ya kila mwezi yanayojulikana, bonasi inayotangazwa hadharani na kulinganishwa kiwanda kwa kiwanda, na wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima wa eneo. Mama wa Kionyo anajua wa Githongo alilipwa ngapi. Kulinganisha huko pekee ni ulinzi mkubwa.

Imenti kuna funzo jingine. Kiwanda cha chai cha pale kilijenga kituo kidogo cha umeme wa maji chenye uwezo wa takriban megawati moja; kinaendesha mitambo ya kiwanda, na ziada inauzwa kwa gridi ya taifa. Linganisha na kule chini kwenye Tana, ambako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yalikamilika kati ya 1968 na 1988. Gitaru peke yake lina megawati 225. Mabwawa hayo yanawasha taa za nchi, na ni mali ya nchi, sawa. Lakini kwa uimara wa kijiji, megawati moja ambayo mkulima ana hisa ndani yake inamfaa kuliko mamia ya megawati yanayopita juu ya paa lake kwenye nguzo za chuma.

Maji yanaeleza jambo hili kuliko kitu kingine chochote. Pale Mitunguu, Imenti Kusini, mradi wa umwagiliaji ulioanza miaka ya 1980 unateremsha maji kwa mvuto wa mteremko, bila pampu wala dizeli, hadi kwenye mashamba madogo. Eneo lililokuwa kavu likawa ghala la ndizi, na lori za ndizi hutoka huko kwenda Nairobi. Bomba pekee halikutosha kuudumisha. Maji ya zamu lazima yawe na mtu anayeandika zamu, anayekusanya ada, anayemfungia jirani yake mwenyewe akikiuka. Ukiona mradi wa maji umekufa baada ya wafadhili kuondoka, chunguza kwanza kitabu cha ada, kisha ndipo uangalie bomba.

Mito kama Kathita, Thuci, Ena na Rupingazi inaanza mlimani na kupita mikononi mwa watu wengi. Wa juu akifungulia mifereji yote wakati wa kiangazi, wa chini anakosa hata ya kunywesha ng'ombe. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliruhusu watumiaji wa mto mmoja kuunda chama chao, wa juu na wa chini wakae meza moja. Mradi wa Mlima Kenya Mashariki wa 2004 hadi 2012, na ule wa Tana ya Juu ulioufuata kuanzia 2012, yote kwa msaada wa IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, ilivijenga vyama hivyo mto kwa mto. Kwangu hili ndilo jambo la maana zaidi lililofanyika katika uchumi wa mashambani wa eneo hili kwa miaka 20, ingawa halikupata vichwa vya habari. Liliwarudisha watu wa mteremko mmoja kwenye mazungumzo ambayo hati za mashamba zilikuwa zimeyakata.

Kuna fedha mpya pia, za hewa ya ukaa. Mpango wa TIST ulioanzia Tanzania mwaka 1999 uliingia upande wa Meru na Nanyuki mwaka 2004. Wakulima wanajiunga katika vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12, wanapanda miti katika mashamba yao, miti inahesabiwa, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa inauzwa nje. Ukubwa huo wa kikundi ni wa busara, kwa sababu watu 12 hawafichani. Ila bei na mkataba vinapangwa mbali, kama kahawa ilivyokuwa. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 imeweka kiwango cha asilimia 40 ya mapato kwa jamii katika miradi ya ardhi iliyo kwenye ardhi ya umma au ya jamii. Mkulima wa Meru mwenye hati yake binafsi analindwa na mkataba wake tu. Basi asisaini asichokisoma, na asikisome peke yake.

Yapo maswali mawili magumu ambayo daftari zuri halitayajibu lenyewe. La kwanza ni la nani anaandikwa ndani yake. Katika ukanda wa kahawa, mikono inayochuma cheri kwa sehemu kubwa ni ya wanawake na vijana, lakini namba ya uanachama ni ya baba. Malipo yanaingia kwa jina lake. Akifariki, namba inaingia katika mgogoro wa urithi, na shamba linakaa bila mbolea huku ndugu wakihudhuria mahakama. Kijana wa miaka 25 anayeendesha bodaboda Nkubu au Runyenjes hana shamba, kwa hiyo hana namba, kwa hiyo hana kura katika ushirika unaoamua mustakabali wa kijiji chake. Kisha tunashangaa kwa nini hataki kilimo. Katiba ya 2010 inampa mwanamke na binti haki sawa ya kumiliki na kurithi. Vyama havihitaji kusubiri mahakama. Vinaweza kuandika majina mawili kwenye namba moja mwaka huu.

La pili ni muguka, na hapa lazima niseme bila kuzunguka. Wazazi wa Mombasa na Kilifi waliolia mwaka 2024 kuhusu watoto wao walionaswa na muguka hawakuwa maadui wa Mbeere. Mahakama iliwalinda wakulima na amri zilizotolewa kwa haraka, na wakulima wale wana watoto wa kusomesha. Lakini soko ambalo mnunuzi wake anataka kulifunga kila mwaka si msingi wa kujengea kijiji. Watu wa Igembe walijifunza hivyo Juni 2014. Mbeere ina nafasi ambayo Maua haikupata, ya kuandaa mlango wa pili kabla wa kwanza haujafungwa: ndengu zinazouzwa kwa pamoja, asali iliyochujwa vizuri, mbuzi wanaopelekwa mnadani kwa kikundi. Fedha za muguka za leo ndizo zinazoweza kulipia mageuzi hayo. Zikiisha, nafasi nayo imeisha.

Wapo watakaoniambia kwamba kijiji hakiwezi kupambana na ukame wa misimu mitano wala na bei ya dunia. Ni kweli, hakiwezi peke yake. Kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zenye jukumu la kilimo, zinadaiwa maafisa ugani wanaofika shambani, barabara za kupitisha maziwa wakati wa mvua, na ghala ambapo ndengu zinaweza kusubiri bei. Hazijatimiza vya kutosha. Hata hivyo majirani zetu ng'ambo ya Tana wanatoa ushahidi. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitangaza Machakos kuwa nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko. Uchunguzi wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano kufikia 1990, na bado udongo ulikuwa umeshikwa vizuri kuliko awali. Matuta yale yalichimbwa kwa sehemu kubwa na watu wenyewe, wengi wakiwa wanawake wa mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja, wakipata nguvu pale walipokuwa na soko la kuuzia na sauti ya kuamua.

Kisha bei ya kahawa ikapanda. Mapema mwaka 2025, arabika ilivunja rekodi ya bei katika soko la New York, na fakitori zilizokuwa zimelala Meru na Embu zimeamka. Watu wanapanda Batian na Ruiru 11, aina zinazostahimili magonjwa. Nafurahi. Lakini Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya mwaka 2023 inayotaka kila shamba linalouza kahawa huko lithibitishwe kwamba halikutokana na kufyeka msitu, sheria iliyoahirishwa zaidi ya mara moja lakini haijafutwa. Ramani ya kila shamba itachorwa, na taarifa hizo zitakuwa na thamani. Hilo nalo ni daftari, na litaandikwa ama na ushirika ama na kampuni ya nje.

Miaka mizuri ndiyo wakati wa kurekebisha, kwa sababu miaka mibaya watu hawana nafasi ya kufikiri. Sheria ya Ushirika inampa kila mwanachama haki ya kuwasilishiwa hesabu zilizokaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye namba katika fakitori, kiwanda cha chai, chama cha maziwa au mradi wa maji, nenda kwenye mkutano ujao. Nenda na mke wako au mume wako, na mtoto wako mkubwa. Omba hesabu zisomwe kwa Kiswahili, au kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, mstari kwa mstari: kilo ngapi ziliingia, ziliuzwa kwa bei gani, nani alikata nini, deni ni la nani na lilisainiwa lini. Wakisema muda umekwisha, waombeni tarehe nyingine, na msikubali kutoka bila tarehe hiyo kuandikwa.